Anza na Difu: Mwongozo wa Kuitia Landrova 109 Injini Nyingine

Landrova 109 za Series III zilitoka kiwandani kuanzia 1971 hadi 1985, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa imeshatimiza miaka 40. Nyanda za Juu Kusini hazijaziacha. Zinashusha viazi Matamba, zinabeba mbao Mufindi, zinaingia Makete msimu wa mvua wakati magari ya kisasa yamepaki yakisubiri jua. Bodi yake ni ya alumini na haiozi upesi, giaboksi na difu zake zinafunguliwa na fundi yeyote mwenye spana na subira. Kinachochoka ni injini, na ikichoka mwenye gari huanza kuangalia injini za Kijapani.

Haja hiyo ni ya kweli. Dizeli iliyokuja na gari ni ya cc 2,286, na ilipokuwa mpya ilitoa nguvu za farasi 62 tu. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa sababu hewa inapungua. Mji wa Mbeya uko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Iringa mita 1,500 na ushee. Yaani farasi kumi hivi wamekimbia kabla hujapakia hata gunia moja, na hapo tunasema injini ni mpya. Ya kwako si mpya.

Kinachotokea mara nyingi ni hiki. Fundi anasema, "Bosi, tafuta injini ya Haisi, mimi nitaifunga." Bosi anapanda basi kwenda Dar es Salaam, anazunguka Gerezani na Ilala, anarudi na injini kwenye kiroba. Gari linakaa gereji miezi, kwa sababu sasa ndipo watu wanagundua kwamba giaboksi haikubali, sampu inagonga eksili, stata ni ya volti 24 na gari ni la volti 12. Fedha imeisha kwenye injini, na injini ndiyo ilikuwa sehemu rahisi ya kazi. Mwongozo huu unataka ufanye kinyume: injini iwe kitu cha mwisho kununua. Chesisi, difu na kazi unayotaka gari lifanye ndivyo vitakavyokuambia injini gani inafaa.

Gonga chesisi kwanza

Alumini ya bodi inawadanganya wengi. Chini yake kuna chesisi ya chuma, ya mabomba ya pembe nne, na hiyo inaoza kuanzia ndani ambako huoni. Chukua nyundo ndogo upite nayo chesisi nzima: chini ya mlango, kwenye vishikizo vya springi za nyuma, kwenye boriti linalobeba giaboksi, na pale mbele injini inapokaa. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kadibodi, na nyundo inaacha shimo. Ukipata sehemu mbovu mahali ambapo maunti za injini zitachomelewa, tengeneza hiyo kwanza au uache mpango mzima. Injini yenye nguvu mara mbili kwenye chesisi iliyooza itaipasua, na itachagua kuipasua ukiwa na mzigo.

Hesabu ya difu

Hapa ndipo nataka ukae kidogo, kwa sababu mafundi wengi wazuri huiruka hesabu hii.

Difu ya kawaida ya 109 ni 4.7, maana yake propela inazunguka mara 4.7 ili tairi lizunguke mara moja. Tranzafa nayo, ikiwa kwenye gia za juu, inaongeza 1.148. Zidisha upate 5.4. Tairi la 7.50-16 likizunguka mara moja linasogea mita 2.45 hivi. Kwa hiyo ukiwa gia ya nne, ambayo ndiyo ya mwisho, na unakwenda kilomita 80 kwa saa, injini inazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Ukitaka kilomita 100, inafika karibu 3,700. Dizeli nyingi unazozifikiria zinafika kilele cha nguvu kati ya 3,600 na 4,000. Utakuwa umenunua injini kubwa ili uisikie ikipiga kelele kutoka Makambako hadi Igawa, bila kwenda kasi zaidi ya zamani.

Dawa inayojulikana ni kuweka difu za 3.54, zile za Range Rover za zamani, Discovery ya kwanza na Defender. Hesabu inabadilika: kilomita 80 kwa mizunguko 2,200, kilomita 100 kwa karibu 2,750. Gari linatulia na mafuta yanapungua. Lakini kuna mambo matatu ya kuangalia kabla ya kulipa. La kwanza, hesabu meno ya eksili. Eksili za ndani za Landrova ya zamani zina meno 10. Magari ya baadaye yana meno 24, na hayaingiliani. La pili, Landrova 109 nyingi za Series III zina difu kubwa ya Salisbury nyuma, na moyo wa difu ya Rover haukai humo. Itabidi upate Salisbury ya 3.54 ya Landrova 110 au ubadili eksili nzima ya nyuma. La tatu, mbele na nyuma zibadilishwe pamoja. Ukiacha 4.7 mbele na 3.54 nyuma, siku utakayotaka tairi zote nne zivute kwenye tope utavunja tranzafa.

Kisha kuna bei ambayo haiandikwi kwenye risiti. Difu ya 3.54 inafanya kila gia iwe ndefu kwa theluthi moja, pamoja na gia ya kwanza. Kwenye kona za Hamsini na Saba, kutoka Chimala kupanda Matamba, ukiwa na viazi, gia ya kwanza ndefu maana yake ni klachi inayonuka. Ukishuka nako, injini inakushika kidogo kuliko zamani, kwa hiyo breki zinafanya kazi ambayo gia ilikuwa inafanya. Mtu anayeshuka Kitonga kutoka Ilula kwenda Ruaha Mbuyuni anajua ninachosema.

Kwa hiyo amua gari lako ni la nini. Kama kazi yake ni shamba, mlima na mzigo, baki na 4.7, weka injini ya kawaida isiyo na tabo, ukubali kwamba kilomita 75 au 80 ndiyo mwendo wako wa barabara kuu. Kama ni gari la kusafiri, Mbeya hadi Iringa na kuendelea, weka tabo na 3.54 pamoja. Injini ndogo isiyo na tabo ikiwekewa 3.54 ni mchanganyiko mbaya kuliko yote. Itakufia Kitonga katikati, na nyuma yako kuna malori ya Tunduma.

Ukishabadili difu, spidomita inaanza kusema uongo, kwa sababu inasoma kwenye tranzafa na haijui kilichobadilika nyuma yake. Ikionyesha 60 wewe unakwenda 80. Ikionyesha 38 tayari umefika 50, na 50 ndiyo mwisho wako ukipita kwenye makazi, mahali ambapo askari wa tochi wanapenda kukaa. Bandika alama kwenye kioo cha spidomita, au tafuta fundi wa kubadili gia yake ndogo, kabla hujaanza kulipa faini za elfu 30.

Injini ipi

Kuna watu wa 1HZ, ile ya silinda sita ya Land Cruiser, ya cc 4,164. Ni injini nzuri sana na haifi. Lakini ni ndefu na nzito, na kuiingiza kwenye 109 kunataka kukata ukuta wa mbele au kusogeza rejeta, na uzito wote unakwenda kwenye springi za mbele na usukani usio na pawa. Ukiipata ya bei nzuri, mtafute mwenye Land Cruiser umuuzie. Kuna pia wanaoikodolea macho 1KZ-TE kwa sababu ya tabo na utulivu wake. Pampu yake inaongozwa na kompyuta, na silinda hedi yake ina historia ndefu ya kupasuka ikichemka. Kwa gari la kijijini, hapana.

Ukitaka gari libaki Landrova, 200Tdi ndiyo rahisi kuliko zote kufunga, kwa sababu imetokana na ukoo uleule wa injini ya lita 2.25. Ukihamisha nyumba ya flaiwili ya zamani, inakaa kwenye giaboksi ya 109 bila pleti ya kuunganishia. Angalia tu ilitoka gari gani: kwenye ya Discovery tabo imekaa chini na inagonga chesisi, kwenye ya Defender imekaa juu na inapita. Ndugu yake wa kuanzia 1994, 300Tdi, anapatikana zaidi. Inatoa nguvu za farasi 111, na msokoto wa Nm 265 kwenye mizunguko 1,800, karibu mara mbili ya dizeli ya zamani. Hiyo ndiyo nguvu inayofaa milima yetu, inayokuja mapema kabla injini haijapiga kelele. Udhaifu wake ni mkanda wa taimingi. Kwenye vumbi, usisubiri kilomita ambazo kitabu kinaruhusu, badilisha ukiwa nusu ya hizo, na ukinunua injini ya mtumba badilisha siku hiyohiyo bila kumuuliza muuzaji.

Upande wa Wajapani, chaguo langu ni Isuzu 4JB1 ya cc 2,771, yenye tabo au isiyo nayo. Nyingi taimingi yake inaendeshwa kwa gia za chuma, na hizo hazina mkanda wa kukatika. Imefungwa kwenye Isuzu Trooper na malori madogo, na viwanda vya Uchina vimeendelea kuitengeneza, kwa hiyo spea hazikauki. Nissan TD27 ya zile Caravan na Terrano nayo ina gia za taimingi na ni ngumu kuua. Toyota 3L na 5L zina mkanda, ila zina jambo moja ambalo haliandikwi kwenye vitabu vya kiwanda: ndizo za Haisi. Ukiharibikiwa Mafinga saa kumi jioni, kuna mtu mwenye noozeli ya 3L na kuna fundi aliyeifungua wiki iliyopita. Kwa mwenye gari asiye na fundi wa kudumu, hilo linaweza kuzidi farasi ishirini.

Ununuzi wenyewe

Usinunue injini iliyokaa chini kama ndoo. Nunua iliyo kwenye kichwa cha gari kilichokatwa, inayoweza kuwashwa mbele yako, na uiwashe ikiwa baridi. Ukiweka mkono juu ya injini na ukaikuta ya moto, muulize muuzaji kwa nini ameipasha. Ikiwaka, fungua kifuniko cha oili ikiwa inanguruma. Ikipumua kwa nguvu na kutoa moshi pale, ringi zimekwisha. Moshi wa bluu ni oili, moshi mweupe usiokoma ni noozeli, kompresheni au maji, mweusi kidogo ukikanyaga hauna neno. Kama una kipimo cha kompresheni, pima silinda zote. Tofauti kati yao inaeleza zaidi kuliko namba yenyewe.

Halafu dai kila kilichoning'inia: stata, alternata, pampu ya vakyumu, flaiwili, klachi, nyumba ya filta ya hewa, waya wote bila kukatwa, vishikizo vya maunti, na giaboksi yake kama ipo. Vitu hivi vikiuzwa kimoja kimoja vinafika bei ya injini. Gari injini ilikotoka nalo lina maana, kwa sababu injini ya basi dogo na ya pikapu zenye jina moja zinaweza kuwa na sampu tofauti, na sampu ndiyo inayokutana na difu ya mbele.

Angalia volti. Dizeli nyingi za malori na Land Cruiser zilizotoka Japani zina umeme wa volti 24, wakati 109 ya kiraia ni 12. Stata, alternata, hita za kuwashia na swichi ya kuzimia dizeli vyote lazima viwe vya volti moja. Chukua risiti ya mashine ya EFD na nakala ya karatasi za forodha zenye namba ya injini. Namba iliyosagwa au kupigwa upya ni sababu ya kuondoka dukani bila kuaga.

Bajeti yangu ni nyepesi kukumbuka: bei ya injini ukiizidisha mara mbili, hapo ndipo unapoanza kuwa na fedha ya kutosha.

Pleti na maunti

Ukitumia injini ya Kijapani na giaboksi ya Landrova, unahitaji pleti nene ya chuma au alumini katikati yake, pamoja na bushi ya kushikilia ncha ya shafti ya giaboksi kwenye krenki. Kazi hii si ya grenda na jicho. Ipeleke kwa anayekereza chuma kwa mashine. SIDO na VETA wako Mbeya na Iringa, na ndani ya karakana hizo au jirani nazo utampata mtu wa kukereza. Kinachotafutwa ni kitu kimoja: katikati ya krenki na katikati ya shafti ya giaboksi viwe mstari mmoja. Pima kwa saa ya kupimia iliyofungwa kwenye flaiwili, uizungushe kwa mkono. Ukiona inapotoka zaidi ya sehemu ya kumi ya milimita, rudisha pleti mezani. Kisha weka pini za kuelekezea, kwa maana boliti peke yake hazishiki mstari. Pleti iliyopinda haitakukataza kuondoka gereji. Itakula beringi ya mbele ya giaboksi polepole, gia zitaanza kuruka, na wewe utalaumu giaboksi.

Ukitumia giaboksi na tranzafa ya gari jingine, angalia propela ya mbele inatokea upande gani. Difu za Landrova zimekaa kulia, upande wa dereva. Tranzafa inayotolea kushoto haina maana kwako hata ukipewa bure.

Maunti ziwe za mpira, na uzichomelee mwishoni kabisa, baada ya kuning'iniza injini kwa chenibloki na kuhakikisha inalalia nyuma kidogo, propela hazijapinda kupita kiasi, na feni haigusi rejeta. Acha nafasi ya kutosha kati ya sampu na difu ya mbele, ukikumbuka kwamba eksili itapanda gari likigonga shimo. Jaribu kwa kunyanyua eksili ile kwa jeki hadi mpira wa kuzuia uguse chesisi. Vidole vyako vinne bado vipite. Unapochomelea, toa waya za betri na za alternata. Ni dakika moja, na alternata si bure.

Eksili za ndani za nyuma, kama una difu ya Rover, zilitengenezwa kwa ajili ya injini za nguvu ndogo. Ukiweka tabo, beba moja ya akiba chini ya kiti na ujifunze kuondoka polepole.

Maji, baridi na Kitonga

Uyole hadi bonde la Usangu ni mwendo mfupi, lakini unatoka kwenye sweta na kuingia kwenye joto la mpunga, kisha unarudi kupanda. Rejeta ya 109 ilitosha injini ya zamani kwa sababu injini ile haikuwa na joto la kutisha. Injini ya tabo inataka rejeta nene zaidi, na koti la feni linaloifunga feni vizuri, na intakula iliyokaa mahali inapopata upepo. Usifunge injini ya tabo kwenye rejeta ya zamani "tuone kwanza". Utaona Kitonga.

Kifuniko cha rejeta kinadharauliwa mno. Kwenye mwinuko wa Mbeya maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95, hayasubiri 100. Presha ya kifuniko ndiyo inayoyazuia. Kifuniko kilicholegea kinachovumilika Dar es Salaam kitakuchemshia gari huku juu.

Sasa kuhusu thamostati. Kuna desturi ya mafundi kuitoa na kuitupa, "ili isichemke." Ikatae. Dizeli isiyofikia joto lake inakula mafuta, inachafua oili na kusaga silinda, na usiku wa Juni na Julai Mbeya unashuka chini ya nyuzi 10. Kama gari linachemka likiwa na thamostati nzima, tatizo liko kwenye rejeta, feni au hedi. Kwa ajili ya baridi hiyohiyo, hita za kuwashia ziwe zote zinafanya kazi na betri iwe kubwa kuliko ya petroli.

Filta ya hewa iwe ya saizi ya injini mpya, na hosi yake ya kuvutia hewa ipande juu kuliko vumbi la tairi. Hosi iliyopasuka kati ya filta na tabo inaua tabo kimyakimya.

Breki kabla ya mbio

Hili ni la hatari na lina kosa moja linalojirudia. Dizeli haina mvuto wa hewa wa kusaidia breki kama petroli, kwa hiyo busta inategemea pampu ya vakyumu, ambayo kwenye injini nyingi za Kijapani imefungwa nyuma ya alternata. Alternata ikifa na fundi akakuwekea ya gari la petroli kwa sababu inafanana, chaji inarudi na busta inakufa. Dereva anagundua kwenye mteremko wa Iwambi. Kila inapoguswa alternata, zima injini, kanyaga breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, shikilia, kisha washa: pedali inatakiwa ishuke kidogo. Isiposhuka, gari lisitoke.

Breki za 109 ni za dramu pande zote. Zikiwa na silinda mpya za tairi, mabomba mapya na viatu vilivyorekebishwa sawasawa zinatosha mwendo wa kilomita 80 na mzigo wa kawaida. Hazitoshi mbio ambazo injini mpya inaweza kukupa. Tumia fedha za muziki kwenye breki.

Karatasi

Kadi ya gari ina namba ya injini, ukubwa wake kwa cc na aina ya mafuta. Ukibadili injini, kadi inasema jambo moja na gari linasema jingine, na siku ya ajali bima wana haki ya kuuliza. Nenda na risiti na karatasi za injini, gari likaguliwe na polisi wa usalama barabarani, kisha uombe TRA wabadilishe taarifa za usajili. Uliza ofisi ya TRA ya mkoa wako wanataka nini kabla ya kazi kuanza, si baada ya injini ya zamani kuuzwa kwa vyuma chakavu. Piga picha za namba zote mbili, ya injini na ya chesisi, zikiwa bado safi. Mjulishe na wakala wa bima kwa maandishi.

Safari ya kwanza

Usiende Dar es Salaam. Zunguka mjini siku chache, bila mzigo, ukiwa na maji na spana. Baada ya kilomita 100 za kwanza rudi gereji: kaza boliti za maunti, pleti na propela, angalia maji na oili, gusa beringi za tairi kwa mkono. Kisha panda mlima wa karibu yako ukiwa na nusu ya mzigo. Mtu wa Iringa ana Kitonga, ashuke hadi Ruaha Mbuyuni, apumzike, apande. Mtu wa Mbeya ana barabara ya Chunya au ile ya kuteremka Tukuyu na kurudi. Tazama geji ya joto kuliko unavyotazama mandhari. Joto likipanda na kutulia, sawa. Likipanda bila kukoma, simama, acha injini ingurume polepole, na usifungue rejeta. Kaza tena boliti zote kwenye kilomita 500.

Mwisho, andika kwa kalamu ya wino, kwenye karatasi ngumu, uiweke ndani ya gari: injini ni aina gani na ilitoka gari gani, difu ni 4.7 au 3.54, klachi pleti ni ya gari lipi, beringi ya pleti ni namba ngapi, feni belti ni saizi gani, alternata ni ya volti ngapi na ina pampu ya vakyumu. Fundi wa Makambako atakayelifungua gari hilo usiku hajui ulichochanganya, na wewe unaweza usiwepo kumweleza.